Ganda la Mdomo wa Bakuli

Mimi bunduki sizipendi, na mtu asinisingizie. Kazi yangu ni kuendesha basi hapa Wembley, na kishindo kikubwa ninachokitaka maishani ni cha mlango kufungika nyuma ya abiria wa mwisho. Lakini Jumamosi asubuhi utanikuta nyuma ya usukani wa gari la Mzee Mansukh, nimepakia wazee wawili, bunduki zao ndani ya masanduku ya kufuli, kapu la bhajia na chupa ya chai, tunatoka Landani kuelekea kiwanja cha shabaha, na mimi nimecheka mpaka miwani imeingia ukungu. Kwa hiyo haya nitakayosema ni ya shahidi, si ya shabiki.

Mzee Mansukh alizaliwa Nakuru, kama mimi, ila yeye alinitangulia kwa miaka mingi. Tulijuana kwenye basi. Nilikuwa kituo cha mwisho, nimezima injini, namgombeza mdogo wangu kwa simu kwa Kiswahili cha nyumbani, mara mzee mmoja mwembamba akagonga kioo changu. "Mpunguzie kidogo, dada," akasema. "Ukimpiga kelele namna hiyo hasikii maneno, anasikia kelele tu." Nikamwambia ashughulike na safari yake. Akasema angeshughulika nayo kama dereva angekata simu. Nikacheka, na Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani kwake nakula wali wa dengu wa mkewe, Mama Minal. Goti la mzee lilipoanza kugombana na klachi, ni mimi nikawa dereva wao.

Maisha yake yote Mzee Mansukh alikuwa fundi wa mashine ya kukereza chuma. Vyuma alivyovichonga viko ndani ya ndege, ndani ya pampu za maji, ndani ya mashine za hospitali, na hakuna hata kimoja chenye jina lake. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alipostaafu alijinunulia mashine ndogo ya kukereza, akaiweka kwenye banda nyuma ya nyumba, na Mama Minal akasema afadhali, maana mume anayekaa sebuleni mchana kutwa ni kama kabati lililowekwa mlangoni.

Rafiki yake ni Balbir Singh. Naye ni wa Nakuru, mtoto wa gereji, kilemba cha samawati, ndevu za fahari, kifua mbele hata akienda kununua maziwa. Nyumbani kwa Mansukh ni Kigujarati, kwa Balbir ni Kipunjabi, na wao walikutana utotoni barabarani, kwa hiyo urafiki wao wote umeendeshwa kwa Kiswahili. Walipoingia chama cha shabaha huku Uingereza wakiwa vijana, waligundua kwamba wanaweza kumsengenya kila mtu pale kiwanjani naye akawatabasamia. Raha hiyo hawajaichoka mpaka leo.

Sasa nieleze kitu kimoja, halafu nisiulizwe tena. Ukifyatua bunduki, risasi inakwenda na ganda lake la shaba linabaki. Watu wa shabaha hawalitupi. Wanalisafisha, wanalirudisha umbo lake, wanatia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na risasi mpya, wanalitumia tena na tena. Yote hayo kwa leseni ya polisi, na kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. Kwa wazee hawa, kujaza ganda ndiyo nusu ya utamu. Risasi za dukani wanazitazama kama Mama Minal anavyozitazama chapati za pakiti.

Chama chao kina mila. Kila majira ya kuchipua kuna shindano linaloitwa Siku ya Mkono Wako. Asubuhi kila mtu anakaa kwenye meza yake, mbele ya wenzake, anajaza maganda atakayoyapiga mwenyewe mchana. Huruhusiwi kugusa meza ya mwenzako, hata kumwokotea kilichoanguka. Na kama kuna mtu amebuni ganda jipya, halipewi jina na aliyelibuni. Linapewa jina na yule anayelipiga mara ya kwanza siku hiyo, na jina hilo linagongwa kwenye kibao cha shaba ukutani.

Basi mwaka jana mikono ya Balbir ikaanza kutetema. Haikuwa baridi na haikuwa uzee wa kawaida. Daktari aliupa mtetemo huo jina na vidonge, na vidonge vikasaidia kidogo tu. Cha ajabu ni kwamba akilala kifudifudi nyuma ya bunduki iliyoegemezwa, mkono unatulia kabisa. Lakini mpe kazi ndogo ya vidole, utaona ngoma. Ganda lake la siku zote lilikuwa refu, jembamba, shingo kama ya twiga. Baruti ilimwagika nje ya mdomo, risasi iliteleza kabla ya kukaa, na ganda moja likianguka liliangusha ukoo mzima. Mansukh aliponyoosha mkono kumsaidia, Balbir aliurudisha kama anayemfukuza nzi.

"Chakula cha kutafuniwa ni cha mtoto mchanga," akasema.

Tukiwa njiani kurudi kutoka kiwanjani, akasema tena, safari hii polepole, akitazama dirishani: "Nitajaribu Siku ya Mkono Wako moja ya mwisho. Nikishindwa kujaza mbele ya watu, leseni narudisha. Na Saturday nitakaa nyumbani, nitaangalia kriketi."

Nilimtazama Mzee Mansukh kwenye kioo. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeambiwa nyumba yake itabomolewa. Mimi mwenyewe, nisiyependa bunduki, moyo uliniuma. Balbir ni mjane, na Jumamosi ndiyo wiki yake.

Dawa ilitoka jikoni. Jumapili ile Mama Minal alimpa Balbir chai kwenye kikombe chembamba cha chuma, nusu ikaenda kwenye kitambaa cha meza. Mama Minal alichukua bakuli la dengu, lenye tumbo pana na kitako kipana, akamimina chai humo. Balbir akalishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, hakumwaga kitu. Mzee Mansukh alikaza macho kwenye lile bakuli mpaka mkewe akamuuliza kama lina mende. Akasimama, akaenda bandani bila kuaga wageni.

Kesho yake alinionyesha mchoro. Ganda fupi, nene, lenye kitako kipana ili lisimame mezani lenyewe hata meza ikitikiswa. Kiwiliwili chenye kupungua kidogo kuelekea juu ili litoke kwenye kalibu, kile chuma cha kulipa umbo, bila kung'ang'ania. Mabega yaliyosimama imara ili shaba isirefuke kila linapopigwa, na mwenyewe asihangaike kulikata tena. Na mdomo mpana wa milimita nane, uliochongwa ndani kidogo, ili risasi ikishushwa ikae pale yenyewe kama kizibo, isisubiri kushikiliwa na mtu. Nilimwambia tofauti na ganda la Balbir ni milimita moja na nusu tu, mbona anarukaruka.

"Dereva," akaniambia, "wewe unaingiza basi gereji. Ongeza mlango shibiri moja tu, uone kama hutashukuru."

Nikakubali, maana gereji yetu naijua.

Tatizo lilikuwa Balbir. Akijua kwamba ganda limebuniwa kwa ajili ya mikono yake, hataligusa. Kwa hiyo alipouona mchoro garini na kuuliza ni wa nani, Mzee Mansukh akatoa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia kwa mtu aliyefunga mkanda.

"Ni wangu, Balbir. Macho yangu yamekwisha. Mdomo mdogo siuoni tena."

Balbir akageuka akamtazama. "Macho? Tangu lini?"

"Tangu Diwali."

Nusura nipite taa nyekundu. Mzee huyu huyu dakika chache nyuma alikuwa amenisomea bango la barabarani ambalo mimi nililiona baadaye.

Hapo ndipo sarakasi ilipoanza. Balbir ana moyo mkubwa kuliko kilemba chake, na aliamua kumtunza kipofu wake. Alimnunulia kioo cha kukuzia chenye taa. Akawa anamshika mkono wakipita mtaa wa Ealing Road, mkono unaotetema ukimwongoza mtu anayeona vizuri kuliko wote barabarani, mpaka wakatikisika wote wawili kama wanaoendesha pikipiki moja. Siku moja wakiwa hivyo, Mzee Mansukh akapaza sauti, "Basi letu lile, mbele ya duka la sari, kimbia!" na wakakimbia. Mimi nilikuwa nyuma na mifuko. Nilimwona Balbir akitazama basi lililokuwa mbali kama nukta nyekundu, halafu akamtazama rafiki yake, halafu akapanda basi. Nikadhani haikumwingia akilini.

Kavita, jirani yao, akapata habari. Kavita akishajua kitu, mandir nzima, yaani hekalu lao, imejua. Wakaanza kuleta karoti za kutibu macho. Karoti za mfuko, karoti za kikapu, karoti zenye majani yake. Mama Minal alipika halwa ya karoti wiki baada ya wiki, tukaila garini mpaka nikaanza kuota rangi ya chungwa.

Mama Minal mwenyewe alikuwa hajui uvumi ule umetoka wapi mpaka siku ya ukwaju. Mzee Mansukh alikuwa amechukua maganda ya kale yenye kitako kipana, akayakata, akayapitisha kwenye kalibu aliyoikereza kwa mkono wake. La kwanza liling'ang'ania humo, akalitukana kwa lugha tatu. La pili likapasuka bega. Mwisho yakatoka vizuri, manene, mafupi, kama mapacha. Sasa, mama zetu wa Kihindi kule Nakuru walisugua vyombo vya shaba kwa ukwaju mpaka vikang'aa, na Mzee Mansukh akaona shaba ni shaba. Akaloweka ukwaju sufuriani, akatumbukiza maganda yake yote, akaacha sufuria juu ya jiko, akaenda kulala kidogo. Fundi mwingine yeyote wa Uingereza angetumia dawa ya chupa. Na mke mwingine yeyote asingeona sufuria ya ukwaju akadhani ni chatini ya bhajia iliyoanzwa na mume mwenye mapenzi.

Mama Minal alikuwa ameshashika tende na sukari guru alipokoroga mara moja, mwiko ukalia ting.

Nilifika wakati sufuria yote inamwagwa na Mzee Mansukh anahojiwa. Alikiri kila kitu: ganda, mikono ya Balbir, uongo wa macho. Mama Minal alisikiliza, mwiko mkononi.

"Nimeolewa na mtu mwenye macho ya kunguru," akasema, "na watu wananipa pole kwa mume kipofu. Karoti zimejaa mpaka bafuni. Njia ya mwongo ni fupi, Mansukh."

"Ni mpaka Siku ya Mkono Wako tu," akaomba.

Mama Minal akafikiri, akashusha mwiko. "Basi fanya vizuri. Jana ulimsomea Kavita tarehe kwenye pakiti ya maziwa."

Mambo ya sheria yalifuatwa yote. Fundi wa bunduki mwenye kibali alifunga mtutu mpya kwenye bunduki ya Mansukh, wakaguzi wakaujaribu na kuupiga muhuri, polisi wakaongeza namba kwenye leseni. Kwenye karatasi ganda lilikuwa na namba tu. Jina lilisubiri mila ya chama, na Mzee Mansukh, nisimsitiri, alikuwa na hamu na jina hilo kama bwana harusi. Alijua Balbir ndiye atakayetangulia kulipiga, na alikuwa ameanza kusema jina lake mwenyewe mbele ya Balbir mara nyingi kuliko lazima. "Nane Mansukh," nilimsikia akinong'ona bandani, akijaribu jinsi linavyokaa mdomoni.

Balbir alikubali "kumsaidia" kulijaribu. Alijaza la kwanza kwa mashaka, la pili kwa kimya, la tatu akipiga mluzi. Mpango ukawa kwamba watatumia bunduki moja kwa zamu siku ya shindano, Balbir kwanza, kisha Mansukh.

Kilichonitia wasiwasi ni jambo la zamani. Mwaka ule Balbir alipofiwa na mkewe, Mansukh alikosa shabaha ambazo hata mimi ningezipata kwa jiwe, Balbir akashinda kikombe. Alipong'amua kwamba ameachiwa, alikirudisha kikombe mlangoni kwa Mansukh kikiwa kimejaa vitunguu, na kwa mwezi mzima hakumsemesha. Vitunguu Mama Minal alivitumia. Sasa nilimjua mzee wangu. Nilijua akilala nyuma ya bunduki ile baada ya Balbir, mkono wake utakosa tena kwa mapenzi.

Siku yenyewe ilifika na jua la ajabu, jua ambalo Waingereza walilitazama kwa shaka. Ukumbi wa chama ulijaa meza. Mama Minal na mimi tulisimama ukutani pamoja na wageni wengine. Balbir alikaa, akapanga maganda yake manene mbele yake. Mkono ukaanza ngoma yake. Nikashika pumzi. Alichota baruti, mkono ukayumba kushoto, ukayumba kulia, na baruti ikaingia kwenye ule mdomo mpana yote. Aliweka risasi juu, akaiachia, nayo ikakaa. Yenyewe! Akagonga meza kwa bahati mbaya, maganda yakacheza kidogo, hakuna lililoanguka. Nilimbana Mama Minal mkono, naye akanibana kwa nguvu zaidi. Kwenye meza ya pembeni Mzee Mansukh alikuwa anajaza yake, kioo cha kukuzia usoni, anatabasamu mpaka masikioni.

Tulipotoka nje kwenye mstari wa kupigia shabaha, Harjit akamjia Mzee Mansukh. Harjit ndiye msimamizi wa mstari, Singasinga mzaliwa wa Landani, mpole sana, Kiswahili hajui hata neno. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini lakini tulisikia wote: "Uncle, samahani sana. Nimeambiwa habari za macho yako. Siwezi kukuruhusu kupiga mpaka daktari aandike kwamba unaona."

Nani kamwambia? Nilimtazama Balbir, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Kikulacho ki nguoni mwako! Damu ilinipanda kichwani.

Mzee Mansukh alifungua kinywa. Kule mbali, mwisho wa kiwanja, kulikuwa na vibendera vyenye namba ndogo. Angeweza kuzisoma moja baada ya nyingine, Harjit angecheka, mambo yangekwisha. Lakini basi kila mtu angeuliza ganda lile pana lilitengenezwa kwa ajili ya nani, na Balbir alikuwa amesimama pale na maganda yake mkononi, anasubiri kuitwa. Mzee akayaondoa macho yake kwenye vibendera.

"Ni kweli, Harjit," akasema. "Siku hizi naona ukungu tu."

Nilitaka kupiga kelele. Mama Minal akanikanyaga mguu. Mzee Mansukh akakalia kiti cha turubai, maganda yake mwenyewe yamelala kwenye sanduku bila kazi, akakunja mikono kama mtoto aliyefukuzwa mpirani.

Balbir akalala nyuma ya bunduki. Mikono ikatulia. Alipiga la kwanza, na kule mbali kishale cheupe kikapanda kuonyesha ni karibu na katikati. La pili karibu zaidi. Mzee Mansukh alisahau kwamba yeye ni kipofu, kila kishale kilipopanda alikuwa wa kwanza kusema "Eeeh!" Risasi ya mwisho iliingia katikati kabisa, na kipofu wetu akaruka kutoka kitini, goti na yote, akanikumbatia mimi, akamkumbatia Harjit, akamkumbatia mtu asiyemjua. Hesabu ilipotoka, Balbir alikuwa wa tatu. Wa tatu! Kwa jinsi tulivyoshangilia ungedhani tumepewa uwanja wa Wembley.

Harjit akasimama na kitabu cha chama. "Ganda jipya," akasema. "Aliyelipiga kwanza ndiye mwenye jina. Uncle Balbir?"

Mzee Mansukh akarekebisha kola ya shati.

"Kipofu," akasema Balbir. "Linaitwa Nane Kipofu."

Harjit akauliza maana yake. Balbir akamwambia kwa Kiingereza, na watu wote wakageuka kumtazama Mzee Mansukh kwa huruma, mmoja akampigapiga begani. Mzee Mansukh akaiachia kola yake. Ndipo Balbir akamwendea, akasema kwa Kiswahili, lugha yao ya kusengenya, akitabasamia umati kana kwamba anaeleza hali ya hewa:

"Kipofu gani anaona basi kabla halijapita duka la sari? Arre, Mansukh. Nilijua tangu siku ile."

"Na ukanishtaki kwa Harjit?"

"Mimi huyu huyu. Ungelala pale baada yangu, ungekosa kama mwaka ule. Mimi nilitaka kujua kama ni mkono wangu, au ni huruma yako tena."

"Na kama ningesema naona?"

"Mbele ya watu? Unitie aibu?" Balbir akacheka, ndevu zikatikisika. "Nakujua wewe. Kwa hiyo kaa na ukipofu wako. Ulitaka jina lako kwenye chuma, bwana, haya, hilo hapo. Na Monday twende wote tukafanye leseni yangu upya."

Mzee Mansukh alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta funguo za gari. Mama Minal alikuwa tayari anafungua halwa ya karoti, anamgawia kila mtu kwa furaha ya mtu anayemaliza ghala.

Jioni tulipokuwa tunatoka, njia ya kwenda garini ilikuwa na mawe. Balbir akanyoosha mkono wake unaotetema, akamshika rafiki yake kiwiko. "Angalia jiwe, Kipofu," akasema. Mzee Mansukh, mwenye macho ya kunguru, akafumba macho yote mawili, akaongozwa mpaka mlangoni.